Joka Bila Tiketi

Mzazi wa Nairobi siku hizi ni mwanafunzi asiyevaa sare. Tangu mtaala wa CBC usambazwe nchini mwaka 2019, mimi nimeshaunda sanamu ya kutishia ndege ilhali sina shamba, nimesaka udongo wa mfinyanzi kwenye lami ya Landhies Road, na nimepigwa picha nimeshika ufagio ili mwalimu aamini kwamba kwetu huwa tunafagia. Yote hayo niliyafanya nikinung'unika, lakini niliyafanya. Udongo una uzuri wake: ukimaliza kuufinyanga unanawa mikono, mambo yamekwisha.

Muhula huu wameniletea hisia.

Barua ilikuja ndani ya begi la kijana wangu wa Gredi ya 5, imekunjwa pamoja na ganda la ndizi. Ilisema shule inatilia mkazo afya ya akili, kwamba kila jioni mzazi atasoma kitabu pamoja na mtoto wake, kwamba wakishasoma watazungumza "kuhusu hisia zao", na kwamba mzazi atatia sahihi. Niliirudia nikitafuta mahali mama alipotajwa. Mwalimu alikuwa amejihami mapema: "Ikiwezekana, baba."

Kitabu chenyewe hakikuja. Lilikuja jina la kitabu. Kitabu nikakitafute mwenyewe mtandaoni, nikakipakue, nikakichapishe saiba kwa pesa zangu, shilingi 10 kila ukurasa wa wino mweusi, na wa rangi usiulize. Ndiyo sababu joka la kwetu ni la kijivu. Joka nitalifikia.

"Kusoma tena?" nilimlalamikia Mama Watoto. Ijulikane kwamba mimi nasoma ili nile. Kazi yangu ni kusahihisha prufu kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji huko River Road: kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya wanasiasa wanaotabasamu, mitihani ya majaribio na, zaidi ya yote, programu za mazishi. Nashinda nikiwinda nukta na herufi kubwa. Nikifika nyumbani sitaki kuona maandishi hata kwenye pakiti ya chumvi.

"Si wewe ndiye msomi?" alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye gunia lake. Yeye huuza vitunguu sokoni Muthurwa, na biashara hiyo imemzoesha kutopoteza maneno. "Msomi asome."

Haya, tusomee wapi?

Asiyeijua Muthurwa aielewe hivi. Nyumba zetu zilijengwa na shirika la reli enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na aliyezichora alimwazia mwanamume mmoja, kitanda kimoja na jozi moja ya viatu vya kazi. Hakumwazia mke, watoto watatu, mtungi wa gesi na gunia la vitunguu. Kando yetu liko soko lililofunguliwa mwaka 2008 ili wachuuzi waondolewe katikati ya jiji, na stendi ya matatu ikabandikwa papo hapo. Hatua chache kuna mabasi ya Machakos, hatua nyingine kuna Gikomba. Makanga huanza kuita abiria kabla ya jogoo, mkokoteni hupita ukipigiwa mluzi, na mhubiri wa jioni amekodi spika kubwa kuliko kutaniko lake. Hapo ndipo mzazi anatakiwa, kwa maneno ya barua, atafute "mazingira tulivu".

Na utulivu wa nje ukipatikana, wa moyoni haujawahi kuwa wa kudumu hapa. Mwaka 2010 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kupinga kufurushwa. Hukumu ya Jaji Isaac Lenaola ilitoka 2013, ikasema haki zao zilikiukwa. Piga hesabu ya usiku wote uliopita katikati, watu wamelala huku sikio moja likisikiliza tingatinga. Sikumbuki aliyekuja wakati ule na kitabu cha hisia, cha rangi wala cha kijivu.

Halafu kuna swali la siri. Kwetu chumba kimegawanywa kwa pazia. Ukikohoa upande huu, upande ule wanakuambia pole. Ukigombana na mkeo kwa kunong'ona, asubuhi jirani anakuuliza kama ile pesa ya chama ilipatikana. Wataalamu wanasema familia nyingi huumia kwa kutozungumza. Sisi kila kitu kimeshasikika. Ndiyo maana nilidhani tungesamehewa zoezi hili.

Hatukusamehewa. Kitabu kinaitwa My Hero Is You. Kilitolewa mwaka 2020, corona ilipopamba moto, na kamati inayounganisha mashirika ya misaada ya kibinadamu, yakiwemo ya Umoja wa Mataifa. Aliyekiandika na kukichora ni Helen Patuck, na kabla ya hapo walikusanya maoni ya watu zaidi ya 1,700, watoto, wazazi, walezi na walimu, kutoka nchi 104. Mimi sikuulizwa, lakini nimezoea. Hata kwenye chama chetu huwa nasikia uamuzi ukishapitishwa. Nakubali jambo moja: walikitoa kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimo.

Hadithi inamhusu msichana aitwaye Sara, ambaye mama yake ni mwanasayansi. Sara anaogopa ugonjwa. Usiku anajiwa na joka liitwalo Ario, linambeba mgongoni, wanazunguka dunia wakiongea na watoto wenzake. Na mwanzoni kabisa wameandika kwamba mtoto asiachiwe akisome peke yake. Asomewe na mzazi, mlezi au mwalimu. Nimesahihisha vitabu vingi, lakini hicho ndicho cha kwanza nilichoona kimekuja na mlinzi wake. Nilipoliona sharti hilo nikajua mtego umefungwa pande zote.

Jioni ya kwanza nilianza vizuri. Nilikohoa, nikashika karatasi zangu, nikasoma.

"Baba," kijana akanikatiza kabla Sara hajalala, "soma kama hadithi. Unasoma kama risiti."

Nikajirekebisha. Nilipofika pale Sara anapanda joka, sauti nzito ikatokea nje ya mlango: "Hilo joka lina tiketi?"

Huyo ni Mzee wa Reli, jirani yetu. Alistaafu zamani lakini reli haijamstaafu. Kigoda chake hukiweka nje ya mlango wetu kwa madai kwamba upepo wa ua mzima unapita hapo tu.

"Mzee, ni joka."

"Nimesikia ni joka. Nauliza tiketi. Mtoto wa watu anasafirishwa usiku, bila mlezi, mpaka Misri kwenye mapiramidi, na hakuna hata mkaguzi mmoja njiani?"

Kijana alicheka hadi akaanguka kitandani. Kitinda mimba akacheka kwa sababu kaka yake amecheka. Dada yao, aliye kidato cha mwisho na ambaye kwa kawaida hujifanya hatufahamu, alisogeza pazia kidogo. Mambo ya mazingira tulivu yakaishia hapo.

"Sisi," Mzee akaendelea, kwa kuwa hakuna aliyemzuia, "tulilelewa bila hisia, na tukatoka sawa."

Mama Watoto alikohoa. Mzee wa Reli huamka usiku wa manane akatembea uani akihesabu mabehewa yaliyong'olewa magurudumu kabla mimi sijaoa. Anayaita kwa nambari. Sisi majirani husema ni uzee, tukajifunika blanketi.

Lakini hapo kwenye "tukatoka sawa" Mzee ana wenzake wenye vyeo vikubwa. Hospitali yetu ya Mathari, kule kando ya Thika Road, ilianza mwaka 1910, na kuanzia 1938 hadi 1950 msimamizi wake alikuwa daktari wa kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika. Humo aliifananisha akili yetu na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na akashikilia kwamba ule ugonjwa wa huzuni unaomlaza mtu ni nadra miongoni mwetu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimtaka aeleze Mau Mau, naye akakitafuta kiini ndani ya vichwa vya watu kuliko kwenye ardhi waliyonyang'anywa. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili mwenyewe, alikuja kumjibu kitabuni mwaka 1961, na hakumjibu kwa upole.

Nadra! Bwana huyo angepanga chumba Eastlands hata mwezi mmoja, ikafika tarehe tano mwenye nyumba anabisha, angerudi kuandika sura nyingine.

Miaka 67 baada ya kitabu kile, shirika hilohilo la afya likawa miongoni mwa waliotuletea joka. Lazima niseme tumesogea. Zamani walitusoma akili bila sisi kujua, wakatuandikia majibu. Sasa wanatuomba tusome wenyewe, tena tutie sahihi.

Wakubwa wetu wa hapa nao hawakukaa bure. Mwishoni mwa 2019 liliundwa jopokazi chini ya Dkt Frank Njenga, na ripoti yake ya 2020 ilipendekeza afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa, tena iundwe tume ya kushughulikia afya ya akili na furaha. Ndiyo, furaha. Nilipomweleza Mzee wa Reli aliuliza makao makuu ya tume yatakuwa wapi, apeleke madai yake ya tangu zamani. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022. Na ilikuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Hicho ndicho kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Mtu akiokolewa kutoka kwenye kamba, aliyekuwa akimngoja kando ya kitanda alikuwa polisi. Hapo sina mzaha.

Sina mzaha kwa sababu ya yale ninayosoma River Road. Programu ya mazishi ina mpangilio wake: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alikuwa mcheshi, aliugua kwa muda mfupi. Vijana wa miaka ishirini na kitu, wengine nawajua kwa sura, wote waliugua kwa muda mfupi. Familia haisemi waliugua nini, na mimi niliyeajiriwa kuangalia nukta siulizi. Kisha inafuata risala ya mama, risala ya ndugu, risala ya rafiki, na ndipo mtu anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba alipendwa, kwamba walimwona alivyokuwa amenyamaza siku za mwisho, kwamba walitaka kumuuliza. Karatasi ya kung'aa, picha ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Na pesa za rangi hapo hazikosekani. Michango inafanywa, rangi inalipiwa.

Basi tukaendelea na joka la kijivu.

Jioni iliyofuata mwalimu aliongeza karatasi: jedwali la hisia za familia. Safu ya kwanza jina, ya pili hisia, ya tatu sababu, ya nne "inavyoonekana". Nilikwenda kuoga, na niliporudi kijana alikuwa ameshalijaza bila kumhoji mtu yeyote. Nainakili kama ilivyokuwa, makosa ya tahajia nimeyaondoa, ndiyo kazi yangu.

Baba. Hasira. Kodi. Anakunjakunja gazeti mpaka linakuwa dogo kama kiberiti.

Mama. Hofu. Vitunguu kuoza. Anavihesabu, halafu anavihesabu tena.

Dada. Furaha. Amepata bando. Hajibu akiitwa.

Mdogo wangu. Njaa. Kila wakati. Analia.

Babu wa nje. Anakumbuka. Garimoshi. Anatembea usiku.

"Futa hilo la kodi," nilimwambia.

"Mwalimu alisema tuandike ukweli."

"Andika uchovu. Baba: uchovu. Ni kweli pia."

"Uchovu si hisia, Baba. Tulifundishwa."

Mama Watoto aliyekuwa akisonga ugali alianza kutikisika mabega. Nikamuuliza anachocheka. Akasema moshi. Tunatumia gesi.

Niwaulize wazazi wenzangu: nani alikubaliana na jambo hili? Siku zote mwalimu wa mwanangu alikuwa mtu ninayempungia mkono langoni, tai imenyooka. Leo ana karatasi inayomweleza kwamba nakunja gazeti. Kwenye mkutano wa wazazi uliopita alinishika mkono, akaushikilia kwa muda kidogo zaidi ya kawaida, akasema, "Tuko pamoja, baba." Sijui tuko pamoja wapi. Yeye pia ana mwenye nyumba, bila shaka.

Mahali pagumu zaidi palikuwa pale kitabu kinapomtaka mtoto afikirie mahali anapojisikia salama. Ario ndiye humfundisha Sara jambo hilo, na karatasi ya mwalimu ikadai kila mwanafamilia ataje pake. Kijana hakufikiri mara mbili. Alisema ni chini ya meza ya mama yake sokoni, katikati ya magunia, pale anapoona miguu ya watu ikipita na hakuna anayejua kuwa yupo. Mama Watoto alikataa kutaja, akaendelea kuosha sufuria, halafu baada ya muda akasema kwa ghafla: "Kanisani. Jumamosi, nikienda kupangusa viti, kabla mtu hajaja." Tumeoana miaka mingi na ndiyo kwanza nasikia habari ya kanisa tupu.

Mimi nikasema kiwandani, stima zikipotea. Mashine zinanyamaza zote kwa pamoja, hakuna kazi, na hakuna wa kumlaumu mtu. Kijana akaandika "gizani". Nikamwambia sivyo nilivyosema. Akasema nafasi ni ndogo.

Kutoka nje Mzee wa Reli, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza, akasema: "Stesheni ya Voi. Saa nane za usiku. Treni imesimama, inangoja nyingine ipite."

Kijana alimwongezea mstari chini ya jedwali.

Nilidhani tumemaliza. Lakini kitabu ni cha corona, na corona ikaleta maswali.

"Wakati wa corona nilikuwa na miaka mingapi?"

"Minne."

"Nakumbuka."

"Huwezi kukumbuka. Ulikuwa mdogo."

Mimi ndiye ninayekumbuka. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Harusi zikasimama, mazishi yakawa ya watu wachache waliosimama mbalimbali, na mwenye kusahihisha kadi za harusi na programu za mazishi akabaki kusahihisha dari. Kiwanda kilitwambia tutaitwa. Mtu wa Muthurwa anajua "tutawaita" maana yake ni nini. Vitunguu viliuzwa mbio mbio, kila mmoja akichungulia saa.

"Ulikuwa ukikaa pale mlangoni usiku," kijana akasema, "umeshika ufunguo. Hukuwa ukifungua. Mimi nilikuwa nahesabu mpaka urudi kulala."

"Ulihesabu mpaka ngapi?"

"Wakati huo nilikuwa najua mpaka ishirini tu. Nikifika nilikuwa naanza tena."

Nilimwambia ni wakati wa kulala. Ilikuwa saa mbili unusu, mhubiri hajazima spika. Mama Watoto alinitazama, sikumtazama.

Sasa hilo ndilo ninalolalamikia, na naomba wahusika walinukuu. Barua ilisema mzazi atamsomea mtoto. Hakuna aliyetuonya kwamba mtoto ameshatusoma sisi, tangu akiwa hajui kupita ishirini, tena bila mlinzi, bila mwongozo, usiku, peke yake. Kile kitabu cha joka wamesema wazi asiachiwe. Hiki kingine alikuwa nacho miaka yote hiyo na hakuna aliyemkalia kando kumweleza kwamba baba aliyeshika ufunguo hakuwa akienda popote. Nilimweleza kesho yake, asubuhi, tukisubiri chai. Nilimwambia nilikuwa na hofu ya pesa. Akauliza kama imekwisha. Nikamwambia imepungua, hurudi tarehe tano. Akasema, "Sawa," akaniomba sukari.

Joka likaisha, sahihi ikatiwa, nikadhani nimepata uhuru. Kijana akataka kitabu kingine. Mzee wa Reli naye akataka, ila kisiwe cha wanyama wanaoruka. Akapendekeza kitu chenye ratiba.

Jumamosi tukashuka na Jogoo Road mpaka Kaloleni. Maktaba ya pale ni tawi la McMillan, ile ya katikati ya jiji iliyofunguliwa mwaka 1931 ikawa ya Wazungu tu, miaka ambayo babu zetu walikuwa wakivuta mabehewa si mbali na mlango wake. Kundi la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishirikiana na kaunti kuzikarabati hizo maktaba, na ya Kaloleni imekarabatika kweli: mwanga upo, rafu zipo, watoto wamejaa. Malalamiko yangu ya pale ni moja tu, na ni ya mwili wangu: viti vya watoto. Baba wa kilo zangu akishajikunja kwenye kiti cha mtoto wa miaka mitano, kuinuka ni suala la kifamilia. Kijana alinivuta mkono, kitinda mimba akasukuma mgongo.

Wachapishaji wetu ndio nina neno nao. Hadithi za watoto kwa Kiswahili tunazo, wala sizibezi. Sungura yupo, fisi yupo, Abunuwasi yupo. Lakini angalia tabia zao. Sungura ana hila, hajawahi kuwa na wasiwasi hata siku moja. Fisi ana tatizo la kula ambalo hakuna aliyemuuliza lilianzia wapi. Kobe amenyamaza tangu enzi na enzi, na sisi tunamsifu eti ana hekima. Mtoto wa Muthurwa akitaka kusoma kuhusu baba asiyelala, kwa lugha anayoiota, sijaona cha kumkabidhi zaidi ya kilichotafsiriwa. Mimi nasahihisha prufu, najua gharama. Kijitabu cha kurasa ishirini hakigharimu zaidi ya programu ya mazishi, na programu ya mazishi husomwa siku moja.

Basi haya ndiyo madai yangu, nayaandika nikiwa na akili timamu. Mwalimu, ukituma kazi ya namna hii tena, tuma kitabu, usitume jina la kitabu. Itume Ijumaa, si Jumatatu mama akiwa anakwenda soko la Marikiti alfajiri. Jedwali la hisia libaki nyumbani. Ukitaka ushahidi kwamba tumesoma, muulize mtoto joka lilikwenda wapi. Kaunti, maktaba za mitaani ziwe wazi jioni, kwa sababu saa ninayoshuka kutoka River Road ndiyo saa ya kufunga milango.

Na nyinyi mnaochapa madaftari ya shule, jalada la nyuma mmejaza jedwali la kuzidisha tangu nikiwa mwanafunzi, na sijamwona mtoto hata mmoja akilitumia ila kwa kuibia mtihani. Liondoeni jedwali la mara kumi na mbili, muweke hapo simu ya watoto ya Childline Kenya. Ni tarakimu tatu tu, 116, inapokelewa usiku na mchana, na kupiga ni bure.